Jinsi nilivyosoma chapa iliyofutika kwenye kijiko cha fedha

Kijiko kilikuwa kifupi, cha umbo la kombe la baharini, kile cha kuchotea majani makavu ndani ya kikasha cha chai. Kati ya chapa zake ndogo, nanga ilionyesha fedha yake imepimwa Birmingham, Uingereza, simba anayetembea alithibitisha ubora wa fedha, na kichwa cha mfalme kilichoelekea kulia kiliweka mwaka kati ya 1786 na 1837. Herufi ya mwaka, inayotaja mwaka wa kupimwa, ndiyo iliyonisumbua: ni c au e? Ya kwanza ni 1800, ya pili 1802. Karne mbili za kung'arishwa zilikuwa zimelamba fedha.

Kwanza nilikipumulia. Mvuke ulipotanda, herufi ilijitokeza kidogo, ikapotea. Tochi iliyolazwa ubavuni ilisaidia zaidi, ila mstari wa kati wa e ulibaki wa kubahatisha.

Dawa ilikuwa moshi wa mshumaa. Nilipitisha sehemu yenye chapa juu ya ncha ya moto, haraka, hadi ikashika masizi membamba (fedha hupitisha joto mno, shika kwa kitambaa). Kilipopoa nikabandika selotepu, nikaikandamiza kwa kidole, nikaibandua na kuihamishia kwenye karatasi nyeupe. Chini ya lenzi, mstari wa kati ulionekana wazi: e.

Masizi yaliondoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Dawa ya kung'arishia sikuigusa, maana ndiyo iliyokula chapa. Birmingham ilibadilisha herufi kila Julai, hivyo kwenye daftari nimeandika 1802–1803.