Siku moja maishani mwangu: fundi wa mashine zinazowaka nusu

Saa 2:10 asubuhi

Ofisi yetu iko Changanyikeni, Dar es Salaam, jirani na wanafunzi wa chuo. Ndiyo maana kompyuta nyingi zinazoletwa hapa zina mifumo miwili: Windows ya kuandikia na gemu, Ubuntu, aina ya Linux, ya masomo ya programu. Wa kwanza leo ni kijana wa mwaka wa pili.

"Shikamoo fundi. Laptopu imekufa."

Haijakufa. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo ni cheusi na juu kushoto kuna neno moja tu: grub>. Namuuliza jana usiku alifanya nini. Anacheka kwa aibu. Nafasi ilimwishia, akaingia Windows akafuta patisheni za Linux, yaani vile vipande vya diski ilimokaa.

Hapo hata bisibisi haihitajiki. GRUB ndiyo inayotoa ile menyu ya kuchagua mfumo. Kwenye mashine za UEFI, ile programu ya kisasa ya madabodi (bodi kuu) inayoamsha kompyuta, faili lake la kwanza linakaa kwenye patisheni ndogo ya EFI, lakini menyu yenyewe inakaa upande wa Linux, na upande huo ndio ameufuta. GRUB imeamka, imekuta menyu haipo, ikakaa kusubiri amri. Naandika exit, nabonyeza Enter. Mashine inarudi kwa UEFI, UEFI inamwita anayefuata kwenye foleni, na Windows inafunguka na kila kitu chake.

Kumbe rafiki yake hosteli alishaanza kutafuta flashi ampigie Windows upya. Hiki ndicho kinachoniudhi kwenye kazi hii: mashine ikigoma kuwaka tu, watu wanakimbilia kufuta. Nilichobakiza ni usafi. Nimeipandisha Windows Boot Manager juu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi ya kuwashia mashine, nikaondoa folda ya ubuntu iliyosahaulika kwenye EFI.

Saa 4:00 asubuhi

Mwalimu mmoja mstaafu kaja na kompyuta ya mezani, ya mtumba, kwenye bajaji. Kila umeme ukikatika, Windows inaleta kioo cha bluu na maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE.

"Lakini ile Linux, mwanangu, inafunguka vizuri tu."

Sentensi hiyo imeniokolea muda mwingi. Diski ingekuwa imekufa, Linux nayo isingefunguka. Ukiona mfumo mmoja unafunguka na mwenzake kwenye diski ileile unagoma, tazama BIOS kabla ya kitu kingine. Natazama: saa yake inasoma Januari 2015. Betri ya madabodi, ile ya duara CR2032, imekwisha. Umeme ukikatika mipangilio yote inarudi ya kiwandani, na kiwandani diski iliwekwa kwenye RAID, wakati Windows yake iliwekwa chini ya AHCI; hizo ni namna mbili za madabodi kuongea na diski. Linux kwenye mashine hii haikujali tofauti hiyo, Windows imekataa katakata.

Narudisha AHCI, naweka betri mpya, nachomoa waya wa umeme tunapiga soga kidogo, nachomeka tena. Saa haijapotea. Mwalimu anataka nimwonyeshe betri ya zamani. Anaichukua na kuiweka mfukoni, sijui ya nini.

Saa 7:15 mchana

Wali maharage umefika na ujumbe wa simu umefika nao. Mteja analalamika: akitoka Ubuntu kuingia Windows, saa inarudi nyuma saa tatu. Ubuntu huandika saa ya madabodi kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Namtumia amri moja ya kuandika upande wa Ubuntu: timedatectl set-local-rtc 1. Wapo mafundi wanaosema ni bora kuifundisha Windows ifuate UTC, na kitaalamu wako sahihi. Huyu anachotaka ni asikose kipindi cha saa nane.

Saa 8:30 mchana

Kazi nzito ya leo. Dada anayesoma shahada ya uzamili ana tasnifu yake yote upande wa Ubuntu, bakapu hana. Laptopu ilisasishwa BIOS, na tangu hapo inaingia Windows moja kwa moja, kama vile Ubuntu haijawahi kuwepo.

Swali langu la kwanza halihusu Ubuntu. "Dada, zile namba 48 za BitLocker unazo?" Hajui BitLocker ni nini. Ni kufuli la Windows linalosimba data za diski, na namba hizo ndizo ufunguo wa akiba. Tunaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, tunazikuta, anazinakili kwenye daftari. Ukichezea mambo ya kuwasha kabla ya kuwa na namba hizo, Windows inaweza kukufungia mlango na data zikabaki ndani.

Kisha nawasha kwa flashi ya Ubuntu na kuhakikisha folda ya /sys/firmware/efi ipo, maana flashi ikiwaka kwa mtindo wa zamani wa BIOS, nitatengeneza kitu kisichohusiana na mashine. Amri ya lsblk -f inaonyesha patisheni ya ext4, ile ya Ubuntu, iko palepale. Dada anashusha pumzi. Kabla ya kutengeneza chochote, nanakili tasnifu kwenye diski ya nje.

Sasa efibootmgr, amri ya kuona mifumo ambayo UEFI inajua kuiwasha. Orodha ina Windows peke yake. Orodha hiyo haikai kwenye diski, inakaa kwenye kumbukumbu ya madabodi, na sasisho la BIOS limeifuta. Lakini kwenye patisheni ya EFI faili la shimx64.efi, la kuwashia Ubuntu, bado lipo ndani ya folda ya ubuntu. Hakuna cha kusakinisha upya. Kwa efibootmgr naandika ingizo jipya linaloelekeza kwenye faili hilo, nawasha upya, menyu ya GRUB hii hapa.

"Mbona Windows haimo humo?" Tangu toleo la 2.06, GRUB kwa kawaida haitafuti tena mifumo mingine yenyewe. Mstari mmoja, GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, ukifuatiwa na update-grub, ungeirudisha. Kwake nimeuacha kwa makusudi. Windows yenye BitLocker ikifunguliwa kupitia GRUB inaweza kuanza kudai zile namba 48, kwa hiyo akitaka Windows abonyeze F12 wakati wa kuwasha na aichague hapo.

Saa 11:20 jioni

Kaka mmoja anataka kuongezewa Ubuntu pembeni ya Windows. Wateja wa namna hii nawapenda, wamekuja kabla ya balaa. Bakapu kwanza. Nafasi naipunguza nikiwa ndani ya Windows yenyewe, na Fast Startup naizima, kwa sababu ikiwashwa Windows haizimiki kikamilifu na Ubuntu inaishia kusoma patisheni yake bila ruhusa ya kuandika.

Anatazama ramani ya diski. "Hii ya MB 100 haina kitu, tuifute tupate nafasi?"

"Hiyo ndiyo EFI. Usiiguse."

"Hata nikiishiwa?"

"Hata ukiishiwa. Futa muvi."