Laki Tatu na Nusu, Jambiani

Tangazo la kozi ya kilimo na kazi za mikono kule Jambiani, Zanzibar, lilisema "malazi, chakula na mafunzo". Malazi yenyewe ni hema lililosimikwa juu ya jiwe la matumbawe. Ukijigeuza usiku, mbavu zinajua. Ada shilingi laki tatu na nusu kwa sisi wa Bara, wageni kwa dola, na maji ya kunywa kila mtu ajinunulie.

Mwalimu alianza na pamakalcha, yaani kilimo kinachoiga maumbile: ilivyoanzia Australia miaka ya 1970 kwa Bill Mollison na David Holmgren, kisha matandazo, mboji, na kupanda kwa ghorofa, mti mrefu juu, mfupi chini yake, mboga chini kabisa. Wenzangu wakaandika mbio. Mimi nilikuwa nakiona kihamba cha bibi, shamba la nyumbani la Kichagga, kule Uru, Kilimanjaro: mringaringa juu, migomba chini yake, buni kivulini, magimbi kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, samadi ikirudi shinani. Vihamba vya jirani tu, Shimbwe Juu, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliviingiza kwenye orodha yao ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Bibi hakutoza mtu ada.

Masomo ya kusuka ukili na ya shimo la migomba nayaruka. Kilichonikalisha niandike ni makumbi, maganda ya nje ya nazi.

Maji yalipokupwa tulimfuata bi mkubwa mmoja pwani. Akaondoa mawe, akafukua mchanga, akatoa makumbi ya nazi aliyoyafukia miezi mingi. Harufu ile! Mzungu mmoja alirudi nyuma mpaka akakanyaga mwani wa watu. Maji ya chumvi yanaozesha nyama ya kumbi, nyuzi zinabaki. Ndiyo maana kamba ya usumba, yaani ya nyuzi hizo, haiogopi bahari. Tukayatwanga kwa magongo, tukasuuza, tukaanika.

Kusokota ndiko kulikonimaliza. Unaviringisha nyuzi viganjani, na kabla hazijakonda unachomeka nyingine. Ukichelewa, kamba inakatika. Ukizidisha, inaota kitambi. Yangu ilifanya yote mawili.

"Mwanangu, hii kamba au mkia wa panya?" akauliza bi mkubwa.

Yeye alikuwa akipiga soga, macho yako kwa wavuvi, na kamba inamtoka mikononi unene uleule mwanzo mwisho. Mimi viganja vimeota malengelenge. Nikamuuliza anauzaje mzigo mmoja. Bei aliyonitajia haikufikia hata nilichotumia kwa maji ya chupa, na hapo kamba za plastiki zimejaa madukani. Na katika laki zetu hizi, yeye anapata ngapi?

"Watanipa watakachonipa," akacheka.

Sikucheka. Nilimuuliza mratibu, akasema hilo "linashughulikiwa".

Jioni nikampigia mama Uru. Kumbe kaka ameshang'oa nusu ya buni, anataka nyanya. Anasema kahawa haimlipi. Nikaanza kumhubiria mama habari za ghorofa na matandazo. Akanisikiliza, kisha akauliza nimelipa shilingi ngapi kufundishwa hayo. Nikamtajia nusu. Akasema kwa hela hiyo ningekuwa nimeshamwezekea banda la ng'ombe.