Pawasaplai ya RTX 5090: soma ampea, siyo maandishi ya boksi

Ukitaja RTX 5090, kadi ya michoro ya Nvidia, dukani, utaambiwa uchukue pawasaplai (boksi linaloilisha kompyuta umeme) ya wati 1600 ulale usingizi. Hesabu haidai woga huo. Kadi inakula hadi wati 575. Prosesa ya Ryzen 7 9800X3D kikomo chake ni wati 162. Mazabodi, RAM, SSD, feni na pampu ya maji, wape 80. Jumla 817, na ni nadra vyote vifike kileleni kwa pamoja. Wati 1000 zinatosha, na ndizo Nvidia wenyewe wanazopendekeza. Ukiweka prosesa ya Core i9-14900K, inayoruhusiwa kufika wati 253, hapo 1200 ina maana.

Kabla ya kulipa, igeuze pawasaplai usome stika, safu ya +12V. Karibu kila kitu kizito ndani ya kompyuta ya leo kinakula volti 12, kwa hiyo pawasaplai ya kweli ya wati 1000 huandikwa ampea 83 hivi: 83 mara 12 ni 996. Ukikuta ubavuni 1000W ya herufi kubwa halafu kwenye +12V kuna ampea 45, umeshika ya wati 540. Mrudishie muuzaji. Nembo ya 80 Plus Gold inakueleza umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, basi. Ubora wa ulinzi wa ndani haumo humo.

Tafuta pia maandishi ATX 3.0 au 3.1, matoleo mapya ya kiwango cha pawasaplai. Kadi hizi hurukaruka: kwa muda mfupi mno zinavuta kuliko kiwango chao, na pawasaplai ya zamani hudhani kuna hitilafu ikajizima. Kioo kinakuwa cheusi katikati ya gemu, lawama anabebeshwa Windows. Kiwango cha ATX 3.0 kinaitaka pawasaplai kubwa ya aina hii ivumilie mara mbili ya uwezo wake kwa maikrosekunde 100.

Sasa kebo, maana hapa ndipo watu wanaunguza. Kiunganishi cha 12V-2x6, plagi inayoilisha kadi, kina waya sita za kupeleka umeme. Wati 575 kwa volti 12 ni ampea 48, yaani 8 kila waya, na pini imekadiriwa kubeba zaidi kidogo ya 9. Nafasi ya kukosea ni ndogo hivyo. Pini mbili zisiposhika vizuri, nne zilizobaki zinabeba 12 kila moja. Joto hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo kila pini inachemka mara mbili na robo kuliko ilivyokusudiwa, na plastiki inaanza kulainika bila kompyuta kulalamika. Sukuma plagi mpaka usione mwanya wowote, mulika kwa tochi ya simu, kisha ivute kidogo ujaribu. Usiikunje kebo kabla ya milimita 35 kutoka kwenye plagi. Kasha jembamba ambalo kioo chake kinaibana kebo halifai kwa kadi hii, hata kama linapendeza.

Chukua pawasaplai inayokuja na kebo hiyo yenyewe, iliyoandikwa 600W. Ukilazimika kutumia adapta ya plagi nne za pini 8, kila plagi ipate kebo yake kutoka kwenye pawasaplai, siyo kebo moja yenye vichwa viwili. Na kebo za pawasaplai ya zamani usizihamishie kwenye mpya. Zinaingia bila shida, lakini mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana, hata kwa kampuni moja. SSD iliyotegemea volti 5 ikipewa 12, hakuna cha kuokoa.

Kuhusu UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika: wati 817 ndani ni kama 900 ukutani. UPS ya 1000VA mara nyingi inabeba wati 600 tu, kwa hiyo umeme ukikatika nayo inazima papo hapo. Soma W, achana na VA, na uchague inayotoa wimbi safi la sine. Za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na baadhi ya pawasaplai hujizima zinapokutana nalo. Friji gadi ni kinga ya friji. Inakata volti zikipanda au kushuka, na kukata huko kwa kompyuta ni sawa na umeme kukatika.

La mwisho ni ethi, waya unaoenda ardhini. Ukigusa chuma cha kasha ukahisi kama sisimizi wanatembea kidoleni, pawasaplai haijaharibika. Kapasita za kichujio chake hupeleka umeme kidogo sana kwenye kasha, na soketi isiyo na ethi haina pa kuumwaga. Soketi hiyo hiyo inaipunguzia kinga ya radi na volti kubwa sehemu ya kazi yake. Fundi apime kwa mita kati ya laivu na ethi: akikuta volti karibu sawa na za laivu na nyutro, bado apime ukinzani wa rodi ya ethi iliyochimbiwa ardhini. Akikuta volti zinayumbayumba au hakuna kitu, achimbie rodi kwanza, ndipo uchomeke.