Siku moja maishani mwangu: fundi wa bastola, springi nzito na chemba iliyobana

Saa moja na nusu asubuhi nipo karakana. Kabla ya chochote, kila bastola iliyo mezani natoa magazini, navuta slaidi (ile sehemu ya juu inayoteleza nyuma na mbele), naangalia chemba, tundu la nyuma ya mtutu linapokaa risasi, kwa macho alafu naingiza na kidole, hata kama jana usiku mi mwenyewe ndo niliiacha tupu. Risasi zenye baruti zina kabati lake mbali na meza, na zikija mezani basi zinakuta mtutu umeshatolewa kwenye bastola. Hilo halina mjadala.

Saa mbili anaingia mzee mmoja, mlenga shabaha wa siku nyingi, na bastola yake aina ya 1911 inayotumia risasi za .45. Bastola nzuri sana, imetengenezwa upya karibu yote, mtutu wa mashindano umekazwa kwenye slaidi mpaka hauchezi hata kidogo. Anasema, "Kijana wangu, haifungi. Slaidi inarudi mbele inabakiza kidogo tu, naisukuma kwa dole gumba." Namuuliza springi ya kurudishia slaidi ni ya pauni ngapi, ananiambia ilikuja na 16, akaweka 18 na nusu, sasa hivi ina 20. Hapo nikajua kazi ya leo ni nini.

Ngoja nieleze, maana hili naliona kila mara na linaniuma kweli. 1911 ya urefu wa kawaida, ule muundo wa John Browning ambao jeshi la Marekani liliupitisha mwaka 1911, springi yake ya kawaida kwa .45 ni pauni 16, na hizo pauni ni nguvu inayosukuma pale slaidi ikiwa imefika nyuma kabisa, sio ukiishika mkononi. Slaidi ikienda nyuma inalipa nguvu kwenye springi, ikirudi springi inailipa, inachomoa risasi kwenye magazini na kuisukuma ndani ya chemba. Sasa kama risasi haiingii chemba vizuri, ukiongeza pauni unailazimisha iingie, nyingi zitaingia, lakini tatizo liko palepale umelifunika tu. Na bastola inalipia: slaidi inarudi kwa kishindo, mdomo wa mtutu unainama chini wakati unataka kulenga risasi ya pili, na miguu ya chini ya mtutu inagonga pini ya kushikia slaidi kila ukifyatua. Springi haitibu chemba. Nimeshawaambia watu hivi mpaka wananikamilishia sentensi.

Saa tatu natoa mtutu, nausimamisha mdomo chini, chemba juu, nadondosha risasi moja moja. Risasi ikiwa sawa inaanguka yenyewe, unasikia "tok", unaizungusha kwa kidole inazunguka, ukigeuza mtutu inatoka kwa uzito wake. Zile za kiwandani za mzee zinaanguka safi. Zile anazojaza mwenyewe nyumbani, zenye vichwa vya risasi vya madini laini, zinaingia zinasimama, kitako kimechungulia kama milimita 2. Ndo ile ile milimita 2 ambayo slaidi inabakiza.

Hapa watu wengi wanakimbilia kusema chemba imebana, tupanue. Taratibu kwanza. Chemba inaweza kubana sehemu tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Inaweza kuwa kitako cha ganda, kile kikopo kinachobeba baruti na kichwa, kimevimba. Inaweza kuwa mdomo wa ganda haujabanwa vizuri baada ya kutiwa kichwa, na kwenye .45 mdomo ndo unaokaa kwenye ukingo wa mwisho wa chemba, kipenyo chake kisizidi milimita 12 hivi, kwa hiyo ukiacha umepanuka kidogo unakwama njiani. Au ganda halina shida kabisa, ni kichwa chenyewe kinagusa mifereji ya mtutu, ile michoro ya ndani inayokizungusha kichwa, kabla ganda halijafika mwisho.

Nachukua maka peni nyeusi, napaka risasi nzima kuanzia kitako mpaka kwenye kichwa, naiacha ikauke, naiingiza, naizungusha mara moja, naitoa, naipeleka chini ya taa. Ganda lote jeusi, halijaguswa popote. Mdomo mweusi. Mbele ya mdomo, pale kichwa kinapoanza kupungua unene, kuna mikwaruzo midogo inayong'aa, imepangana kuzunguka duara kwa nafasi sawa. Hiyo ni mifereji imeandika jina lake. Chemba ya mzee haina ubaya wowote, kilichobana ni ile sehemu fupi kati ya mwisho wa chemba na mwanzo wa mifereji, wenye kutengeneza mitutu ya shabaha wanaiacha fupi makusudi ili kichwa kikae palepale kila mara, na vichwa vya mzee vina bega nene.

Nampigia simu. Njia ni mbili, anaweza kuzamisha vichwa ndani zaidi kidogo, ila ganda likibaki na nafasi ndogo presha inapanda kwa hiyo lazima apunguze baruti na aanze upya kutafuta kipimo chake, au mi nikate hiyo sehemu ya mbele iwe ndefu kidogo. Akasema, "Kata, fundi, vile vichwa nina ndoo nzima."

Saa nne mpaka karibu saa sita ni kukata. Rima ya mkono, kifaa cha kupanulia tundu, ile isiyogusa ukingo wa chemba kabisa, mafuta mengi, nazungusha kuelekea upande mmoja tu, robo raundi, natoa, nasafisha vyuma vyote, najaribu risasi. Tena. Kazi hii haina kurudi nyuma, ulichokata umekata. Redio nazima. Risasi ya kwanza iliposema "tok" nikadondosha zote za mzee moja baada ya nyingine, zote zikaanguka. Napima na geji kuhakikisha kina cha chemba hakijabadilika, kipo vilevile.

Saa nane uwanja wa shabaha. Nimerudisha springi mpya ya pauni 16. Naanza na risasi moja moja kwenye magazini: baada ya kila mlio slaidi lazima ibaki nyuma, isipobaki maana yake springi nzito kuliko risasi. Inabaki. Maganda yanaangukia hatua mbili tatu kulia nyuma yangu, kwenye kundi moja, ndo ninavyopenda. Yakiruka mbali sana springi ni nyepesi na fremu inapigwa, yakidondokea miguuni ni nzito. Alafu nashika kwa mkono mmoja, kilegevu kidogo, maana hakuna anayeshika vizuri siku zote. Magazini baada ya magazini, inafunga kila mara.

Saa kumi kuna dada mshindani na 9mm yake, risasi nyepesi za kutimiza kiwango cha chini cha IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya shabaha, uzito wa kichwa kwa greini mara kasi kwa futi kwa sekunde gawanya kwa 1000 ifike 125. Yeye risasi zake zinaangukia vizuri kwenye chemba, kwake ni springi tupu, kwa hiyo tunashuka pauni moja moja mpaka alama ya mbele ya kulengea inarudi palepale ilipotoka bila kuzama, alafu tunapanda moja juu. Nampandishia kwa sababu springi inachoka, na ile iliyo ukingoni leo kesho haitafunga. Hakutaka, nikasisitiza, akakubali.

Na bastola ya kujilinda? Ukiniuliza, isiwe na mtutu wa namna hii kabisa. Chemba ya kawaida, springi ya kawaida, ifunge na risasi yoyote nzuri hata ikiwa na vumbi.

Saa kumi na moja na nusu mzee anakuja kuchukua yake. Ile springi ya 20 nimeifunga kwenye karatasi nikamrudishia, na nimemwekea nyingine mpya ya 16 abadilishe akifikisha risasi kama 3000. Anavuta slaidi, anaiachia taratibu kwa mkono, hakuna kishindo, inafunga. Kesho anaanza kumaliza ile ndoo.