Kila Akizama Mtu, Anatafutwa Aliyemzamisha

Kirumba, Mwanza, Alhamisi usiku

Tangu Jumapili mtaani kwetu hakuna habari nyingine. Kijana wa watu kaingia Ziwa Victoria na wenzake mchana kweupe, ziwa limetulia, kuogelea anajua tangu mdogo, na hakutoka. Misiba ya maji tumeizoea huku kuliko inavyotupasa, kwa hiyo si msiba wenyewe ulionikosesha usingizi. Ni maelezo. Kijiweni kwa bodaboda wanasema kuna tajiri anamalizia ghorofa lake na alikuwa bado anadaiwa kafara. Kwa mama ntilie wanasema lile jabali alipozamia lina mwenyewe, chunusi, yule jini wa majini, na kila mwaka lazima apate wake. Kwenye daladala la Igoma nimemsikia dada mmoja akisimulia, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, kwamba wenzake ndio waliomzamisha kwa ajili ya simu. Nimeshuka Mabatini bado anasimulia.

Jana mwili ukaibuka. Siku ya tatu, kama wanavyosema watu siku zote: ziwa likichukua, siku ya tatu linarudisha. Na kwa kuwa midomo na sehemu ya sikio havikuwepo, mtaa mzima ukakata shauri: amechukuliwa viungo.

Hapa naomba niandike mambo ambayo huwezi kuyasema msibani, maana msibani mtu anasikilizwa kwa heshima ya wafiwa, si kwa hoja. Mtu akifa maji, mwili kwanza unazama. Baadaye bakteria tumboni wanatengeneza gesi, mwili unakuwa mwepesi, unapanda. Maji ya ziwa letu huku juu ni ya uvuguvugu, nyuzi joto 24 au 26 hivi, kwa hiyo karibu na ufuko kazi hiyo inachukua siku mbili tatu. Kwenye kilindi chenye baridi inachukua zaidi. Hilo ndilo "ziwa linarudisha". Na samaki na kaa huanza na palipo laini: midomo, kope, masikio. Nani asiyejua samaki wanakula nini? Tunajua wote, ila inapokuwa ni mtoto wa jirani, akili inakataa kabisa kuwaza hivyo, na mimi siwalaumu. Kisu cha mtu mbaya kinavumilika kuliko samaki ambaye kesho yuko sokoni Mwaloni.

Hata daktari hapa hana njia ya mkato. Hakuna kipimo kimoja cha kusema huyu amekufa maji na hakuna lingine. Anakwenda kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine, anaangalia mapafu, anauliza historia. Historia ndiyo kazi. Ukimuuliza ndugu kama marehemu alikuwa na kifafa, anageuza uso, kwa sababu kifafa huku ni aibu ya ukoo. Ukiuliza kuhusu pombe, unaambiwa unamtukana marehemu. Basi cheti kinaandikwa, mwili unachukuliwa, na nafasi yote iliyobaki wazi inajazwa na kijiwe.

Watu ambao wangeweza kuijaza kwa ukweli ni wale vijana waliokuwa naye. Tangu Jumatatu hawaonekani. Mmoja kapelekwa kwa mjomba wake Sengerema usiku, kwa kuogopa kupigwa. Mwingine ni mtoto wa mama tunayesali naye, ndiye nimezungumza naye juzi, amekaa nyuma ya jiko lao hataki kutoka. Sikumuuliza nani kamzamisha. Nilimuuliza mlikuwa mnacheza nini.

"Tulikuwa tunashindana kupiga mbizi, shangazi. Nani atakaa chini muda mrefu."

"Na yeye alifanyaje kabla ya kuzama?"

Akanionyesha. Alivuta pumzi harakaharaka, nyingi, mabega yakipanda na kushuka, akatulia, akaziba pua. Alipoacha kuonyesha alikuwa analia.

Nilisoma kuhusu jambo hili zamani, wakati wa mafunzo ya huduma ya kwanza kazini, na nikadhani ni la wazungu na mabwawa yao ya kuogelea. Kinachomlazimisha mtu apumue si upungufu wa oksijeni. Ni hewa chafu, kabonidayoksaidi, inayojilundika kwenye damu. Ukihema harakaharaka kabla ya kuzama unaitoa hewa ile kwa wingi, lakini oksijeni haiongezeki kiasi hicho unachodhani. Basi kule chini oksijeni inaisha kabla kengele haijalia. Mtu anazimia bila kusikia dhiki yoyote, kinywa kinafunguka, maji yanaingia. Hakuna kutapatapa, hakuna mkono juu. Na wanaopatwa na hili mara nyingi ni waogeleaji wazuri, wenye ubishi, kwenye maji yaliyotulia. Siapi kwamba ndicho kilichomuua kijana wetu. Nasema tu kwamba katika maneno yote niliyoyasikia wiki hii, hayo ndiyo pekee yaliyotoka kwa mtu aliyekuwa majini, na hakuna aliyekwenda kuyachukua kwa sababu kila mtu alikuwa anamtafuta muuaji.

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, na methali ile imetuharibia macho. Tunamsubiri mtu apige kelele. Mwokoaji mmoja wa ufuko wa Orchard Beach huko New York, Francesco Pia, aliwapiga picha za filamu watu waliokuwa wanazama miaka ya 1970, akaonyesha kwamba mara nyingi hawaiti. Hawawezi, kwa sababu pumzi ya kuitia ndiyo hiyohiyo wanayoitafuta. Mimi nimeona kwa macho yangu, mwaka juzi, mwaloni, nimesimama na mafundi wanaoziba mitumbwi. Mtoto kama wa miaka saba, kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, unaibuka, unazama, unaibuka, na mikono inakandamiza maji kwa pembeni kama mtu anayepanda ngazi. Macho yako wazi lakini hayatazami kitu. Wenzake walikuwa hapohapo wanarushiana maji, wanacheka. Aliyemwona ni mama mmoja aliyekuwa anasuuza kanga. Aliacha beseni, akaingia na nguo zake, akamdaka kwa ukosi wa shati. Yote hayo ni chini ya dakika moja. Mtu mzima akifika hatua ile anakuwa na sekunde 20 mpaka 60, mtoto pungufu. Sisi tuliokuwa tunatazama upande uleule tulidhani anacheza.

Kuhusu chunusi, nimekwenda kwa babu mmoja jirani, alikuwa mvuvi wa sangara mpaka magoti yalipomkatalia. Nilimkuta anashona wavu wa mjukuu wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya jabali."

Hakucheka. Akaniambia yeye na kaka yake walikuwa wanatega pale. Upande wa huku maji hayafiki pima moja, mtu anasimama. Hatua mbili mbele jiwe linakatika, unahitaji kamba ya pima nne, na jiwe lenyewe limeota utelezi wa kijani, huwezi kulishika ukarudi. "Mama yetu hakujua pima," akasema. "Alituambia pana chunusi, basi hatukuogelea pale. Nyie mmewaambia watoto hakuna chunusi. Sawa. Mmewaambia kuna nini?"

Sikuwa na jibu na alilijua hilo, akarudi kwenye wavu wake. Kwa hiyo chunusi wa babu sina ugomvi naye. Alikuwa anakaa mahali maalumu, na mahali hapo pana hatari kweli: penye mkatiko wa jiwe, penye mamba, mdomoni mwa mto. Ugomvi wangu ni na huyu wa siku hizi, asiye na mahali, mwenye jina la mtu.

Maana Jumatatu jioni nilisikia jina. Bibi mmoja anayeuza karanga njia ya kushukia ziwani, inasemekana aliwahi kuwafukuza vijana wale kwa fimbo na maneno makali. Naandika hili mkono ukiwa mzito. Huku kwetu, Mwanza na Shinyanga, vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe, miaka nenda rudi ya kupikia jamaa haohao waliokuja kuwaua. Kila mauaji ya namna ile yalianza na msiba usio na maelezo na mtu mmoja akisema, mimi simtaji mtu, lakini. Mwenyekiti wetu wa mtaa, nampa haki yake, amekwenda kwa yule bibi mchana, hadharani, akakaa barazani, akanunua karanga akazila palepale watu wakimwona. Sijui kama inatosha. Bibi anafunga mlango saa kumi na mbili.

Na wala si ushamba wa watu wa ziwani. Tarehe 31 Mei 2023, ufuko wa Bournemouth, Uingereza, wenye waokoaji na bendera na kila kitu, binti wa miaka 12 na kijana wa miaka 17 walikufa maji na wengine kadhaa wakaokolewa. Kabla siku haijapita watu walishasema: ni boti ya watalii, ni vijana walioruka kutoka gatini. Mwanamume mmoja aliyekuwa majini wakati ule alikamatwa. Mwishowe hakushtakiwa, na mwaka 2024 uchunguzi wa vifo ukasema ni mkondo wa ghafla uliowavuta kuelekea kilindini. Mkondo. Hauna sura, huwezi kuuchukia, ndiyo maana haukuwa wa kwanza kutajwa. Tofauti yao na sisi ni kwamba kule kuna mtu analipwa mshahara kuuliza maswali mpaka jibu litoke, kisha analisoma hadharani.

Sisi tukikosa mtu wa kumsingizia, tunalisingizia ziwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, hata idadi kamili ya waliokuwemo haijajulikana, kwa sababu hakukuwa na orodha ya wote. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka imebakiza mita chache kugusa Ukara. Ilijengwa kwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Nimewahi kukaa na watu wazima, wenye shule, wanaosema eneo lile la Ukerewe lina mambo yake. Lina mambo gani? Kivuko kimejazwa zaidi ya mara mbili, hayo ndiyo mambo.

Na wavuvi wa dagaa je, wanaopotea usiku? Ziwa hili linatengeneza radi zake lenyewe: mchana upepo unavuma kutoka majini kuja nchi kavu, usiku unageuka, hewa ya pande zote inakutana katikati ya ziwa, na kabla hakujakucha kuna dhoruba. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, unafika hata kwenye simu. Lakini dagaa wanataka giza, na mkopo wa injini hausubiri utabiri.

Leo tumezika. Baada ya kuzika tukakaa chini ya turubai, wanaume upande wao, sisi na masufuria yetu, na babu wa nyavu akaja na dumu la njano la lita 20, la mafuta ya kula. Kifuniko amekikaza kwa mpira wa baiskeli usipitishe maji, na kwenye mpini wa dumu amefunga kamba ya katani mpya, ndefu, yenye fundo kila baada ya kama urefu wa mkono. Akaliweka katikati ya mkeka bila hotuba. Kuna methali nyingine tunayo, mfa maji hukamata maji. Anakamata chochote, na akikukamata wewe mnakwenda wote. Wangapi tumewazika wawili wawili, aliyezama na ndugu aliyemfuata? Dumu tupu linambeba mtu mzima. Unasimama kwenye jiwe, unarusha, unavuta. Wakati ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani Bukoba, Novemba 2022, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Zimamoto wanakuja, na wanajitahidi, lakini wao wanatoka mjini, na anayezama ana sekunde 60.

Pendekezo ni madumu matatu: moja kwenye jabali, moja mwaloni, moja pale watoto wanapochota maji. Mchango wa kamba umepatikana palepale. Mama mzazi wa marehemu ametoa elfu mbili, tukamkatalia, akang'ang'ania. Nimesema pia kwamba yule kijana wa Sengerema arudishwe, na wote wawili wakae na watoto wa shule wawaeleze ule mchezo wa kuhema harakaharaka. Mjomba wa marehemu alinitazama muda mrefu, kisha akasema waje, ila wasije peke yao, atawachukua yeye.

Likabaki swali la wizi. Dumu zima lenye kifuniko, Kirumba, likae nje usiku? Asubuhi utalikuta limechotewa maji ya kupikia maandazi. Kijana mmoja wa bodaboda, haohao wa kafara, akasema liandikwe kwa rangi nyekundu MALI YA CHUNUSI, tuone nani atalibeba. Wazee wakaguna, kina mama tukacheka kwa mara ya kwanza wiki hii, na mwenyekiti akasema ataliingiza kwenye muhtasari wa kikao cha Jumamosi, lakini rangi tununue wenyewe.