Taa ya Betri, Barabara ya Urambo

Taa ilituwakia tukiwa tumeshaipita Ndono, tunarudi Tabora mjini kutoka Urambo, jua liko mgongoni. Shangazi alikaa mbele, madumu ya asali yamepangwa nyuma, na yeye ndiye aliyeiona kwanza. "Mwanangu, hiki chekundu hapa ni nini?" Ilikuwa alama ya betri.

Marehemu baba aliendesha malori ya tumbaku, na juu ya taa hii alinifundisha jambo moja: kabla hujaiwazia betri, tazama mshale wa joto. Kwenye magari mengi mkanda unaozungusha altaneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari na kuichaji betri, ndio huohuo unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, vyote vinasimama, na injini inaweza kuungua kabla betri haijaisha.

Mshale ulikuwa mahali pake. Nikaegesha pembeni, nikafungua boneti injini ikiunguruma, nikajifunga kanga vizuri isije ikanaswa, nikachungulia. Mkanda upo na unazunguka bila kelele. Sikuzima gari, kwa sababu stata hula umeme mwingi mno, na taa ile ikiwaka maana yake gari linakula akiba ya betri na hakuna kinachorudi. Nikazima redio na feni, nikachomoa chaja ya simu ya shangazi, tukaenda. Gari la petroli halisogei bila umeme, plagi zinautaka na pampu ya mafuta inautaka. Kilichonitia hofu zaidi ni taa kubwa. Balbu mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9, na giza lilikuwa linaingia. Hata hivyo, tulipoanza kupishana na baiskeli zenye mizigo ya mkaa niliziwasha, maana roho ya mtu si ya kubania umeme. Tulifika Isevya, hapo Tabora mjini, mwanga wake umeshakuwa wa njano.

Asubuhi stata ililia tak-tak-tak, ikanyamaza. Muuza betri mmoja akaja, akawasha honi, akasikia inavyokoroma, akasema betri imekufa, ninunue mpya. Hakupima chochote. Hili linaniuma, kwa sababu watu wengi wanatoa hela ya ada za watoto kwa maneno kama hayo. Taa ina picha ya betri, basi lawama zote zinaiangukia betri, na kumbe inachosema ni kwamba gari halichaji.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, fundi umeme wa magari. Alikuja na bodaboda, amepakata betri yenye chaji, mfukoni ana mita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Betri tuiache kwanza. Taa iliwaka mara moja, au ilianza kwa kumemeta?"

Nikamwambia ilikuwa ikimemeta kidogo gari likiwa limesimama, nikikanyaga mafuta inapotea. Akaguna tu, akaweka nyaya za mita kwenye betri: volti 11.6. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, inasoma kama 12.6. Tukabusti kwa betri aliyokuja nayo, gari likawaka, akapima tena huku akinionyesha kioo cha mita. Injini ikiunguruma unatakiwa uone kati ya 13.5 na 14.5. Yetu ilikuwa 11.9, na inashuka tukiitazama.

Kijana mmoja aliyekuwa amesimama pembeni akasema tuchomoe kichwa cha betri gari likiwa linaunguruma, likizima basi altaneta ni mbovu. "Usiguse!" Mzee alimkatalia kwa ukali kweli. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa gari. Ukiiondoa ghafla volti zinaweza kuruka juu zikaunguza vipuli vya altaneta, yaani daiodi na regileta, hata kompyuta ya gari.

Yeye alianza na vitu rahisi. Vichwa vya betri vilikuwa na ukungu wa kijani, akavisafisha kwa maji ya moto na msasa. Akakagua fyuzi kubwa, waya mnene wa altaneta, waya wa athi. Vyote vizima. Akafungua kichwa cha hasi, kwa kuwa ule waya mnene una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, kisha akaishusha altaneta.

Mfuniko wa nyuma ulipotoka niliona mwenyewe. Kuna vijiti viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi vigusane na pete za shaba kwenye rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya altaneta. Kimoja kilikuwa bado kimetokeza. Cha pili kilikuwa kimelika hadi kuzama ndani ya nyumba yake, kinaigusa pete kwa kubahatisha. Umeme mdogo unapita kwenye kaboni hizo kwenda kuifanya rota iwe sumaku. Usipopita, altaneta inazunguka bure. Na ndiyo maana ya ile kumemeta.

Akang'arisha pete kwa msasa laini, akazungusha rota kwa mkono huku ametega sikio kwenye beringi, akalehemu kaboni mpya. Alipomaliza kufunga akaniambia nifungue swichi nisipige stata. Taa ikawaka. "Hapo lazima iwake," akasema. "Isipowaka hapo, siku ya shida haitakwambia kitu." Nikapiga stata, gari likawaka, taa ikazimika. Mita ikasoma 14.2. Tukawasha taa kubwa na feni, ikabaki 13.9.

Betri hakuiachia altaneta ijaze, alisema kuibebesha betri tupu ni kuichosha. Aliondoka nayo akaichaji polepole usiku kucha. Asubuhi niliikuta imesimama kwenye 12.6, na msimu wa asali uliofuata ilitupeleka Urambo na kuturudisha.