Zamu ya Majamvi

Mkanda wenyewe wa video ulikaa Maskati karibu miaka thelathini, kwenye sanduku chini ya kitanda cha Ami, mpaka mwanawe alipoupeleka kwa fundi ukageuzwa ukawa kitu cha kutazamika kwenye simu. Akaurusha katika kundi la ukoo usiku mmoja wa Alhamisi, dakika arubaini na moja, na chini yake maneno mawili tu: "Pemba yetu." Mimi nilikuwa nimeshalala. Asubuhi nikakuta watu wameshalia, wameshacheka, na wameshagombana ni nani yule aliyevaa kofia ya viua mbele ya msikiti.

Pembeni mwa picha pameandikwa 1 Januari 1990. Uongo. Ami hakujua kuitia saa kamera yake. Ilikuwa mwisho wa 1994, mimi niko darasa la nne, na karafuu zilikuwa zimezaa hadi skuli ikabaki nusu tupu. Ami alikuwa ndiyo kwanza anarudi nyumbani tangu aondoke, na alikuja na kamera ya kuweka begani, ile inayomeza mkanda mzima wa VHS, na betri mbili. Kijijini hapakuwa na umeme. (Huu wa sasa, unaotoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, ulifika Pemba 2010.) Kwa hivyo kila siku ya pili betri moja ilipanda gari la shamba kwenda Chake Chake kutiwa moto dukani kwa rafiki yake, ikarudi jioni pamoja na mkate. Ndiyo maana mkanda umekatikakatika: mtu anaanza kusema, na kabla hajamaliza picha imeshahamia kisimani, wanawake wanafunika nyuso kwa kanga na kucheka.

Kuna wachumaji juu ya mikarafuu, miguu tu inaonekana kwenye majani, na ngoe zinavuta matawi. Kuna usiku wa kuchambua, watu wamezunguka karabai, vidole vinatenga karafuu na makonyo bila macho kutazama. Picha ni giza tupu na nukta moja ya mwanga, lakini ukiongeza sauti unasikia hadithi ya sungura ikisimuliwa, na mtu anakoroma.

Halafu inakuja dakika ya kumi na saba.

Kwa asiyekulia karafuu, niseme kidogo. Karafuu ikishachambuliwa huanikwa juani kwenye majamvi, siku tatu nne jua likiwa zuri, mpaka ukiikunja ivunjike kwa mlio. Siku ya tatu ndiyo siku mbaya. Zimekaribia, zimeiva rangi, na mvua moja tu inatosha kuzivundisha ukaenda nazo kituo cha kuuzia wakazitia daraja la mwisho. Na msimu wetu, kwa makusudi ya Mwenyezi Mungu, huangukia kwenye mvua za vuli. Ndiyo maana kila ua ulikuwa na mtoto mmoja ambaye kazi yake ni kufukuza kuku na kutazama mbingu. Wingu likipanda, unapiga ukelele, na watu wote waliopo wanaacha walichoshika waje kuanua.

Bibi alikuwa na majamvi matano nje siku hiyo. Mikarafuu yake ilikuwa katika zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na yeye alizijua kwa idadi na kwa tabia, hii inazaa mwaka mmoja na kupumzika mwaka, hii ina sungusungu. Majamvi matatu yalikuwa ya siku ya tatu. Zamu ilikuwa yangu.

Nilivyokuwa nikiisimulia siku hiyo, na nimeisimulia mara nyingi, mpaka kwa mke wangu, ilikuwa hivi: mvua ilikuja ghafla kutoka nyuma ya minazi, nikapiga kelele, watu wakachelewa, na wakubwa kwa hasira zao wakamwangushia lawama dada yangu kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Mimi nilikuwa mdogo, nikanyamaza.

Dakika ya kumi na saba nimo bondeni, kwenye mpunga. Mbali na majamvi kabisa. Nilikuwa nimemfuata Ami tangu asubuhi nikibeba mkoba wa kamera, na hapo amenigeuzia mimi. Nacheka meno yote nje, pengo moja, shati limefungwa vifungo kombo. Natia mikono kiunoni kama afisa. Nyuma yangu, juu ya vichwa vya minazi, wingu limetanda jeusi kama sufuria. Ami halioni kwa sababu anatazama kidirisha cha kamera. Mimi silioni kwa sababu namtazama Ami.

Ukelele unasikika kutoka mbali, sauti ya mwanamke: "Mvuaaa! Anueni!" Picha inaruka, inakimbia, mpunga, njia, kisigino changu, mbingu. Tumefika uani. Ami, Mungu amrehemu, bado anapiga picha. Anawazungukia watu wanaokunja majamvi kama vile amealikwa harusini. Ndipo inasikika sauti ya Bibi, ambayo sijaisikia tangu 1999, karibu mno na kamera:

"We mwana we! Liweke chini dude lako hilo uje ushike jamvi!"

Akaliweka barazani. Hakulizima.

Dakika kumi na moja zinazofuata hazikupigwa na mtu yeyote, na ndizo nilizozitazama mara nyingi kuliko zote. Picha imelala upande. Unaona ukingo wa baraza, kipande cha ua, na miguu. Ile ya Bibi naijua kwa ufa wa kisigino na hina iliyofifia. Karafuu zinamwagika, vidole vinazikwangua mchangani. Jamvi linapita likiburutwa, limebebwa vibaya, linaacha mstari. Matone ya kwanza makubwa yanapiga ardhi na kuacha mashimo, kisha ua wote unageuka mto mwekundu na kuna karafuu zinaelea humo zikizunguka. Mvua inafunika sauti zote kwa muda. Inapopungua watu wamejazana barazani, wanahema, na miguu imesimama.

Bibi anauliza, taratibu kabisa, na wanaomjua wanajua maana ya taratibu yake: "Nani alikuwa akitazama majamvi?"

Kimya. Kuku mmoja.

Halafu sauti nyembamba, kama ya kifaranga, inasema: "Dada. Tulibadilishana zamu."

Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari, nje ya ofisi, Dar es Salaam, na nilikuwa nimeshachelewa kikao. Sauti ni yangu. Hata lile neno "tulibadilishana" ni la kwangu, nilikuwa na mdomo wa kikubwa tangu utotoni. Sikunyamaza hata kidogo.

Upande wa kulia wa picha kuna miguu miwili iliyofika dakika hiyo hiyo, imelowa, na ndoo imewekwa chini karibu yake, imejaa maji ya kisima. Dada alikuwa ametoka kisimani. Kila mtu aliyekuwa pale angeweza kuiona ndoo. Miguu yake haikusogea na hakusema neno. Baadaye ndoo inanyanyuliwa, inatoka kwenye picha.

Adhabu yake ilikuwa kwamba kesho yake asiende kwenye mchezo wa ng'ombe. Abaki kuanika upya zilizolowa, azigeuze, afukuze kuku. Ninyi mliokulia kwengine labda hamjui hilo ni kubwa kiasi gani kwa mtoto wa Pemba wa miaka kumi na nne, aliyeshonewa gauni. Wengi husema mchezo huo tumeachiwa na Wareno. Sisi hatukujali tumeachiwa na nani. Tulikwenda wote, gari limejaa, na kwenye mkanda nimo tena, nimekaa juu ya bega la mtu nikila muwa. Zumari inalia, ngoma, wanawake wanaimba, ng'ombe anaingizwa na kamba yake ndefu, mchezaji anamtikisia kitambaa. Dakika nne. Kisha betri inakufa.

Karafuu zile zilinunuliwa daraja la mwisho, nakumbuka mizani na uso wa Bibi, na kwamba njiani hakusema kitu.

Sikuandika chochote kwenye kundi. Nilikaa siku mbili, nikampigia Dada. Anaishi bado kule kule, ana wajukuu. Nikamsalimu, nikauliza hali, nikazunguka weee, mpaka akanikata:

"Umeusikia?"

Nikasema nimeusikia.

"Mimi niliusikia 1994," akasema, akacheka ile cheko yake ya puani. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia katikati. "Ngoja. Nataka kukuuliza kitu cha maana. Yule ng'ombe. Kila nikifika pale panazimika. Baada ya kile kitambaa ikawaje?"

Nikamwambia. Kwamba kamba iliwatoka washikaji. Kwamba ng'ombe aliuparamia ule upande wa wanawake, wakapanda miembe na kanga zao mpya, na mmoja akanasa kwa buibui tawini, akining'inia na kumtukana ng'ombe na babu zake. Kwamba Ami alikimbia na dude lake begani mpaka akatumbukia kwenye shimo la taka, na alipotolewa kitu cha kwanza alichouliza ni kama lenzi imepona.

"Ehe," akasema Dada. Nikasikia anavuta kiti. "Na mchezaji je?"